Neno la Kilatini Interpres: Dalali, Mshenga au Mfasiri?

Palipo na mjadala juu ya kazi ya kufasiri, neno la Kilatini interpres halikosi kutajwa. Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania na Kiingereza zimelirithi kwa kumwita yule asimamaye baina ya watu wa lugha mbili, na kitenzi chake, interpretari, kimezaa katika lugha hizo maneno ya kueleza, kufumbua na kufasiri. Likitajwa, aghalabu hufuatwa na maelezo mafupi ya asili yake: inter ni "kati", sehemu ya pili yatokana na pretium, yaani "bei", basi interpres kwa asili ni mtu asimamaye kati ya bei ya muuzaji na bei ya mnunuzi, na mfasiri wa leo ni mjukuu wa dalali wa sokoni. Maelezo hayo yanapendeza na kukumbukika, na kwa sababu hiyo ni mara chache kuulizwa yamesimama juu ya nini.

Jambo lenyewe si la kupitishia wakati. Anayeamini kwamba mfasiri ni dalali kwa asili yake ataihukumu tafsiri kwa kipimo cha soko: thamani imebadilishwa kwa thamani, na maneno yakipungua au yakizidi si neno, maadamu pande zote mbili zimeridhika. Anayeamini kwamba mfasiri ni mtumishi wa maandishi ya asili ataihukumu kwa kuhesabu maneno moja moja. Wote wawili humwita interpres awe shahidi wao. Yafaa basi shahidi huyo asikilizwe mwenyewe, kwanza katika umbo lake, kisha katika matumizi yake.

Interpres ni jina litumikalo kwa mwanamume na kwa mwanamke pia. Likiwa ndilo mtenda wa sentensi husemwa interpres. Likionyesha milki husemwa interpretis. Kwa hiyo shina lake ni interpret-, na ile s ya mwisho ni alama ya mtenda tu, iliyoimeza t. Sehemu ya kwanza haina ubishi. Ni inter, "kati, baina", ile ile iliyo katika internuntius, mjumbe wa kati, na katika interrex, aliyeshika hatamu baina ya mfalme mmoja na mwingine. Ubishi wote umo katika kipande kile kidogo, pret-.

Maelezo ya kwanza ya kipande hicho ni ya kale. Isidorus wa Sevilla, aliyefariki mwaka 636, katika kitabu cha kumi cha Etymologiae, alisema kwamba interpres ameitwa hivyo kwa kuwa yuko inter partes, yaani baina ya pande mbili za lugha. Kwa maana, maelezo hayo hayana kasoro. Kwa sauti hayasimami. Neno pars lina shina part-, na Kilatini chenyewe kinaonyesha shina hilo hugeuka vipi linapoingia ndani ya neno la kuungwa: ex na pars hufanya expers, expertis, "asiye na fungu". Kama interpres lingetoka katika pars, lingekuwa interpers, na milki yake interpertis. Irabu ya pret- iko nyuma ya r, wala si mbele yake, na hakuna kanuni ya kuirusha upande wa pili. Isidorus aliisikia maana, akalitafuta neno la kuivika.

Maelezo ya pili ni ya kamusi za karne ya 19. Hayo yalikwenda mpaka Sanskrit, yakachukua mzizi prath-, "kutandaza, kueneza", yakasema interpres ni yule aenezaye maneno baina ya watu. Lakini ndugu wa Kiyunani wa mzizi huo ni platys, "pana". Sanskrit imezichanganya r na l za kale mara nyingi. Kiyunani na Kilatini hazikuzichanganya. Maadamu Kiyunani kina l mahali hapo, Kilatini nacho kilipaswa kuwa na l, na neno lingeanza na pl-, si pr-. Mzizi huo basi hauwezi kuwa mama wa interpres.

Yabaki maelezo ya tatu, yale ya bei. Kwa sauti ndiyo bora kuliko yote. Pret- ya interpretis na pret- ya pretium zimelingana bila kulazimishwa. Mtu aweza kupinga kwamba e fupi iliyo katikati ya neno hugeuka i katika Kilatini, kama miles afanyavyo militis; walakini hebes hufanya hebetis, na seges hufanya segetis, kwa hiyo irabu hiyo haifungi njia. Calvert Watkins, katika kamusi yake ya mizizi ya lugha za Kihindi-Kiulaya, ameyaweka maneno haya mawili pamoja chini ya mzizi wenye maana ya kufanya biashara na kuuza. Hapana shaka kwamba wataalamu wengi wameridhika na udugu huo, wala hakuna sababu kubwa ya kuukataa.

Hata hivyo, kukubali kwamba maneno mawili ni ndugu si kukubali kwamba moja lina maana ya mwenziwe. Hapo ndipo maelezo yanayosimuliwa kila siku yanapovuka mpaka wa ushahidi. Emile Benveniste, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya maneno ya desturi na mamlaka za watu wa lugha za Kihindi-Kiulaya, alilishughulikia pretium katika mlango wa kununua na kuuza. Alikiri kwamba asili yake ni ngumu, na kwamba ndani ya Kilatini uhusiano wake ulio wazi ni huo wa interpret-. Kwa uhusiano huo akadokeza kwamba huenda pretium ilikuwa bei iliyopatikana kwa mapatano baina ya watu wawili. Msomaji makini ataliona duara. Tukiuliza kwa nini interpres ni mtu wa bei, jibu ni kwamba ana pretium ndani yake. Tukiuliza kwa nini pretium ni bei ya mapatano, jibu ni kwamba ni ndugu wa interpres. Kila mmoja amesimama juu ya bega la mwenziwe, wala hakuna aliyekanyaga ardhi.

Wako wataalamu waliotafuta ardhi hiyo nje ya Kilatini. Wao huilinganisha pret- na neno dogo la Sanskrit, prati, na la Kiyunani, proti, yenye maana ya "kuelekea, mbele ya, dhidi ya". Kwa njia hiyo pretium ni kitu kinachowekwa kuelekea kitu kingine, yaani badala yake. Dhana ya bei imezaliwa kutokana na dhana ya kuelekeana. Haikuwapo tangu mwanzo. Mtu akiifuata njia hiyo, interpres hana haja ya kupita sokoni kabla ya kufika barazani. Atakuwa tangu asili ni mtu aliye baina ya pande zinazoelekeana. Isidorus, aliyekosea sauti, atakuwa ameikaribia maana kuliko wengi waliomcheka.

Njia hii nayo haijafikia uthabiti wa kuitwa hukumu, wala haikusudiwi hapa kuwekwa mahali pa ile ya bei ili nayo isimuliwe kwa upofu ule ule. Kinachodhihirika ni jambo moja tu: udugu wa interpres na pretium, hata ukikubaliwa wote, hauthibitishi kwamba bei ndiyo iliyotangulia. Mizizi peke yake haiwezi kuamua.

Tena kuna ushahidi kwamba Warumi wenyewe, katika siku za dola lao, hawakuisikia bei ndani ya neno hili. Katika maandishi ya mawe yaliyopatikana kwenye mipaka ya mto Danube, jina la kazi hii huandikwa interprex, kwa x: wako wakalimani wa Wajerumani, wa Wasarmatia na wa Wadakia walioitwa hivyo, wakiwa katika utumishi wa jeshi au wa ofisi ya liwali. Umbo hilo limefuata mfano wa majina mengine ya kazi, kama iudex, hakimu, na artifex, fundi. Mtu asikiaye pretium ndani ya neno hawezi kulimalizia kwa x, maana x huificha t isionekane. Kwa wasemaji hao neno lilikuwa jina la cheo, zima, lisilo na mshono.

Jambo hilo halipaswi kumshangaza msomaji wa Kiswahili. Neno dalali limetoka katika mzizi wa Kiarabu d-l-l, wa kuonyesha na kuongoza. Wala hakuna mtu anayesimama kwenye mnada akidhani kwamba dalali kazi yake ni kuonyesha njia. Na yule asiyejua herufi moja ya Kiarabu humjua dalali sawasawa na ajuaye. Asili ya neno hueleza lilikotoka. Lilipo huelezwa na matumizi.

Matumizi ya interpres basi ni yapi? Moja katika yaliyo ya zamani sana yamo katika mchezo wa Plautus uitwao Miles Gloriosus, kisa cha askari mwenye majivuno. Mtumwa Palaestrio anamwendea askari huyo na kumwambia kwamba ameletewa posa nzuri, na kwamba yeye Palaestrio ndiye interpres wa jambo hilo. Hapa hakuna lugha mbili: wote wawili wanasema lugha moja. Wala hakuna bei inayopatanwa. Kuna mwanamume na mwanamke wasiokutana uso kwa uso, na mtu wa tatu apelekaye maneno. Kwa sura ya nje huyo ni mshenga. Kwa kuwa mwanamke anasemwa kuwa ni mke wa mtu, Mswahili atamwita kuwadi. Na kwa kuwa habari yote ni hila, iliyotungwa na Palaestrio huyo huyo ili askari amwachilie suria wake aende zake, interpres huyu ni mwongo pia. Askari hana njia ya kumjua, maana hana sikio lingine upande wa pili.

Vergilius, katika kitabu cha nne cha Aeneis, alilitumia neno hilo kwa miungu. Mercurius ni interpres wa miungu kwa kuwa huwapelekea wanadamu amri zao. Huyo ni mjumbe. Katika kitabu hicho hicho Dido, alipoachwa, anamwita Juno kuwa interpres wa mahangaiko yake, yaani aliyekuwa kati katika mapenzi yale na ayajuaye yote. Juno hakufasiri lolote wala hakuuza lolote. Alikuwa shahidi na mwunganishi.

Cicero naye, alipomshitaki Verres mwaka 70 K.K., aliwataja interpretes wa kuihonga mahakama, akiwaweka pamoja na wale wanaoshikilia fedha za hongo mpaka hukumu itoke. Hapa fedha imo, na mwenye kupenda maelezo ya bei atafurahi. Lakini Cicero amewatenga watu hao wawili. Yule mwenye kushika fedha ana jina lake, sequester. Interpres ni yule apelekaye neno kati ya mtoa hongo na hakimu, watu wawili wasioweza kuonekana pamoja. Bei ipo katika shughuli. Neno interpres halikulitaja lile la bei, limetaja lile la kuwa katikati.

Ndipo yafuatapo matumizi ya lugha. Mwaka 155 K.K. Waathene walipeleka Rumi ujumbe wa wanafalsafa watatu, Carneades, Diogenes na Critolaus. Walipoingizwa barazani, mjumbe wa baraza Gaius Acilius ndiye aliyekuwa mkalimani wao. Alikuwa mtu wa cheo, na baadaye aliandika historia ya Rumi kwa Kiyunani. Plinius, katika Naturalis Historia ya mwaka 77, ametaja mji wa Dioscurias ulioko pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, ambako, kama alivyoandika Timosthenes, mataifa 300 ya lugha mbalimbali yalikuwa yakishuka, na Warumi wakaendesha shughuli zao huko kwa wakalimani 130. Na katika Boldog, nchini Slovakia, limepatikana jiwe la kaburi la Quintus Atilius Primus, wa karne ya kwanza. Jiwe hilo lasema alikuwa mkalimani, akida wa Legioni ya 15, kisha mfanya biashara, akaishi miaka 80.

Dioscurias na jiwe la Atilius ndizo silaha nzuri kabisa za wenye kusema bei. Haifai kuzificha. Ni kweli kwamba soko lilihitaji wakalimani, na kwamba mtu mmoja aliweza kuwa mkalimani na mfanya biashara kwa zamu. Lakini jiwe hilo limezitaja kazi hizo mbali mbali: interprex ni moja, negotiator ni nyingine. Kama neno la kwanza lingekuwa na biashara tumboni mwake, la pili lisingekuwa na haja kubwa ya kuchongwa.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Caesar. Mwaka 58 K.K., katika vita vya Gallia, aligundua kwamba Dumnorix, mkubwa mmoja wa Waaedui, alikuwa akimhujumu kwa siri. Nduguye Dumnorix, Diviciacus, alikuwa rafiki wa Warumi. Caesar alipotaka kumweleza Diviciacus habari hizo chungu, aliwaondoa wakalimani wake wa kila siku, akazungumza naye kwa kinywa cha Gaius Valerius Troucillus, mkubwa wa jimbo la Gallia na rafiki yake mwenyewe, ambaye alimwamini katika mambo yote. Wakalimani wa kila siku hawakusemwa kuwa hawajui lugha. Walijua vya kutosha kwa mambo ya kila siku. Kilichotakiwa siku ile kilikuwa kitu kingine, na Caesar amekitaja kwa jina: imani.

Ukiyaweka matumizi haya yote pamoja, Palaestrio, Mercurius, wapeleka hongo wa Cicero, Acilius na Troucillus, kinachowaunganisha si bei, wala si lugha. Kuna pande mbili. Pande hizo haziwezi kukutana zenyewe, kwa kuzuiwa na lugha, au na cheo, au na haya, au na sheria. Katikati yupo mtu wa tatu apitishaye neno lisilo lake. Na pande zote mbili, zikiwa hazina njia ya kumhakiki palepale, hulazimika kumwamini. Hiyo ndiyo maana ya interpres. Bei ni tawi, posa ni tawi, lugha ni tawi; shina ni dhamana ya aliye katikati. Hata wale Warumi walioitwa interpretes kwa kueleza sheria, ndoto na ishara za mbinguni wanaingia hapa, maana nao walisimama baina ya sauti isiyofahamika na mtu aliyetaka kuifahamu.

Hapa Kiswahili kina la kusema. Lugha hii imezigawanya kazi ambazo Kilatini kiliziweka chini ya jina moja. Ina mshenga wa posa na kuwadi wa mambo ya siri. Ina dalali wa bei, mjumbe wa habari, mkalimani wa maneno ya kinywa, na mfasiri wa maandishi. Mkalimani hufungamanishwa na mzizi wa Kiarabu k-l-m, wa kusema. Mfasiri ametoka katika f-s-r, wa kueleza. Kiarabu chenyewe huiita tafsir ile kazi ya kueleza maana, hasa ya Kurani, na kuhamisha maneno katika lugha nyingine hukuita tarjama. Kiswahili kimelipokea neno tarjuma pia, lakini kimeliachia neno tafsiri lichukue kazi zote mbili. Katika hilo kufasiri kumelingana na interpretari kuliko ilivyo kwa Kiarabu: ni kueleza na ni kuhamisha.

Kwa sababu hiyo, desturi ya kuliandikia interpres neno moja tu, mfasiri, na kuendelea na safari, ni desturi mbaya. Atakayemwita Palaestrio mfasiri wa posa atawachekesha wasomaji mahali pasipo na kichekesho, na atakayemwita Mercurius mfasiri wa miungu atamfanya mjumbe mwenye mabawa awe karani. Kumwita mtu huyo dalali kila mahali, kwa ajili ya mapenzi ya pretium, ni kosa kubwa zaidi, maana hapo mwandishi amefasiri asili ya neno akaiacha maana yake. Kila mahali pana neno lake la Kiswahili, na uzuri wa Kiswahili hapa ni kwamba kinamlazimisha mwenye kufasiri aamue ni nani aliye katikati, na baina ya nani na nani.

Lakini faida ya kuamua hivyo yaonekana zaidi katika mstari mmoja wa Horatius ambao umebeba mabishano ya karne nyingi. Katika Ars Poetica, Horatius anamshauri mshairi achukuaye kisa kilichokwisha kujulikana na watu wote. Akitaka kukifanya chake, asizunguke katika njia iliyokanyagwa na kila mtu, wala asihangaike kurudisha neno kwa neno kama afanyavyo interpres mwaminifu. Ushauri huo hauhusu tafsiri. Wahusu utungaji mpya kutokana na kisa cha zamani. Hata hivyo wako waliousoma kuwa ni dharau juu ya wafasiri wafuatao maneno, na wako waliousoma kuwa ni sheria iliyowakataza wafasiri kufanya hivyo.

Mkubwa wa hao wa pili ni Hieronymus. Aliposhitakiwa kwamba ameiharibu barua ya Epiphanius kwa kuifasiri vibaya, alijitetea katika barua yake kwa Pammachius, mwaka 395 hivi, kwamba yeye hafasiri neno kwa neno bali maana kwa maana, isipokuwa katika Maandiko Matakatifu, ambamo hata mpangilio wa maneno ni siri. Akawaita Cicero na Horatius wamshuhudie. Cicero alikuwa ameandika, katika utangulizi uitwao De optimo genere oratorum, kwamba hotuba za Aeschines na Demosthenes amezigeuza kama msemaji wa hadhara, wala si kama interpres.

Ushahidi wa wote wawili Hieronymus aliupindisha, kwa nia njema. Cicero hakusema kwamba interpres hufanya kazi mbaya. Alisema kwamba yeye alifanya kazi nyingine. Kweli, katika De finibus, ya mwaka 45 K.K., aliwalaumu interpretes wanaokamua neno kwa neno. Lakini hapo aliwapa sifa ya kutokuwa na ufasaha, na lawama imo katika sifa hiyo, haimo katika jina la kazi. Horatius vivyo hivyo hakumshutumu mtu. Alimwita interpres mwaminifu, na neno alilotumia kwa uaminifu ni lile la rafiki wa kutegemewa. Msomaji aliyekwisha kumwona Troucillus mbele ya Caesar na Diviciacus hawezi kudhani kwamba hilo ni tusi. Mkalimani anayesimama baina ya watu wawili, ambao kila mmoja ameweka heshima yake au shingo yake juu ya kinywa chake, hana ruhusa ya kupunguza wala kuongeza. Kurudisha neno kwa neno kwake si upungufu wa kipaji. Ni kutimiza dhamana.

Horatius basi amezitofautisha amana mbili. Mshairi ana amana kwa kazi yake mwenyewe, na kwa hiyo yuko huru mbele ya kisa alichokirithi. Interpres ana amana kwa watu wawili walio hai mbele yake, na hayuko huru. Kosa la Hieronymus, na la wengi waliomfuata, lilikuwa kuchukua uhuru wa mshairi na kumvika mfasiri wa kitabu, bila kuuliza kama mfasiri wa kitabu yuko upande wa mshairi au upande wa mkalimani. Swali hilo Horatius hakulijibu, kwa kuwa hakuulizwa.

Kulijibu si kazi ya asili ya neno. Mfasiri wa kitabu amesimama mahali ambapo upande mmoja, yaani mwandishi, mara nyingi amekwisha kufa, na upande wa pili, yaani msomaji, hajui lugha ya kwanza hata kidogo. Hakuna Caesar wa kumwondoa wala Diviciacus wa kumkunjia uso. Kwa hiyo hatari yake ni kubwa kuliko ya mkalimani, maana kosa lake laweza kuishi miaka mia bila kugunduliwa. Atakayemhukumu kwa kuhesabu maneno atakuwa hajamtendea haki, kwa kuwa maana nayo ni sehemu ya amana. Atakayemhukumu kwa kuridhika kwa msomaji peke yake atakuwa amemrudisha sokoni, ambako dalali mzuri ni yule aliyewafanya wote wawili waondoke wakicheka, bila kujali nini kimeuzwa.

Ndiyo maana maelezo ya bei yastahili kupunguziwa cheo. Yabaki katika kamusi za mizizi, mahali pake, yakiwa ni dhana yenye sauti nzuri na duara ndani yake. Yasiwe msingi wa kufundishia kazi ya kufasiri, wala yasitumiwe kumwambia mwanafunzi kwamba asili ya kazi yake ni kupatana bei. Warumi walioliishi neno hilo, kuanzia mtumwa wa Plautus mpaka mkalimani wa mpakani aliyechongewa x mwisho wa jina la cheo chake, walijua jambo la ndani zaidi: kwamba mtu akisimama kati ya wawili wasiosikilizana, wote wawili wamejiweka mikononi mwake, na palepale hakuna atakayejua kama amewatendea haki ila yeye mwenyewe.